Jina la Mwandishi na Jina la Mwenye Duka

Mbagala, katika wilaya ya Temeke, kuna kiwanda cha nguo kiitwacho Karibu Textile Mills, na miongoni mwa vitu vitokavyo humo ni khanga. Khanga huuzwa kwa doti, na kila kipande kina pindo, mji na jina. Jina ni yale maneno machache yaliyopigwa chapa juu ya nguo, nayo aghalabu ndiyo yamfanyayo mnunuzi akubali au akatae. Mwanamke wa Tandika au wa Mwananyamala asimamapo mbele ya duka la khanga hutazama rangi, lakini pia husoma. Husoma jina moja akacheka, akasoma la pili akalirudisha, akasoma la tatu akafungua pochi, kwa kuwa maneno yale yamesema jambo alilokuwa nalo moyoni juu ya mume, wifi, jirani au Mola wake. Ni vitabu vichache vya Kiswahili vilivyopata kusomwa kwa uchaguzi mkali namna hiyo, tena na msomaji anayelipa fedha yake mwenyewe bila ya kulazimishwa na mwalimu.

Nani aliyeyatunga maneno hayo? Nguo haisemi. Yametoka katika methali, katika nyimbo za taarabu, katika mabishano ya uani na vicheko vya jikoni, na sehemu yake kubwa ni mali ya wanawake. Lakini jina la mtungaji halimo. Mara nyingi lililomo ni la mwenye biashara. Khanga mashuhuri za Mombasa, zilizouzwa na duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka 1887, zilitambulikana pwani nzima kwa maandishi yasemayo Mali ya Abdulla. Neno “mali” katika maandishi hayo linastahili kuangaliwa na kila mwenye kuihakiki fasihi ya wanawake. Maneno yalikuwa ya wengi, nguo ilikuwa ya mvaaji, lakini mali, kwa ushahidi wa nguo yenyewe, ilikuwa ya mwenye duka.

Haikuwa hivyo khangani tu, wala haikuanzia Afrika ya Mashariki. Uingereza ya karne ya 18, ambayo vitabu vya historia huitaja kuwa ndiyo iliyoizaa riwaya ya Kiingereza, ilikuwa na wanawake waandishi wengi na majina machache. Kitabu cha siku zile kilikuwa na ukurasa wa mbele wenye kichwa cha kitabu, na chini yake jina la muuza vitabu na mtaa wa duka lake, ili mnunuzi ajue pa kukipata. Jina la mwandishi, akiwa mwanamke, liliweza kuachwa, au badala yake yakaandikwa maneno ya kusema tu kwamba kitabu kimeandikwa na bibi mmoja. Frances Burney alipoitoa riwaya yake ya Evelina mwaka 1778, hakutia jina. Hata mwandiko wake aliubadili, kwa kuwa alikuwa akimnakilia baba yake maandishi yake, naye akachelea wapiga chapa wasiutambue mkono wake. Kitabu kilipelekwa kwa muuza vitabu Thomas Lowndes kwa njia ya siri, nacho kikanunuliwa kwa gini 20. Kikavuma London nzima. Faida iliyofuata mavumo hayo ilikuwa ya Lowndes, kwani aliyenunua haki alinunua na bahati yake.

Sheria haikukosekana. Tangu mwaka 1710 Uingereza ilikuwa na sheria iliyompa mwandishi hakimiliki ya kitabu chake kwa miaka 14, na miaka 14 mingine kama angali hai. Lakini haki iliyoandikwa hailingani kwa mwenye njaa na mwenye shibe. Mwandishi asiye na akiba aliiuza haki ile siku ya kwanza, akala thamani yake kabla wino haujakauka. Na mwanamke aliyeolewa alikuwa na kikwazo cha pili, maana kwa sheria ya siku zile chumo la mke lilihesabiwa kuwa chumo la mume. Charlotte Smith alichapisha tungo zake mwaka 1784 mumewe akiwa kifungoni kwa deni. Baadaye akaachana na mume huyo katika maisha, lakini sheria haikuwaachanisha katika mapato. Akawa anaandika kwa kulea watoto wengi, na mume ambaye hakuandika hata ukurasa mmoja akabaki na haki ya kudai ujira wa kalamu ya mkewe.

Walikuwako wanawake waliotambua kuwa ufunguo hauko katika kalamu peke yake. Mary Cooper, mjane wa mpiga chapa, aliendesha biashara ya vitabu London katika miaka ya 1740 na 1750, na jina lake limo katika kurasa za mbele za vitabu vingi vya wakati huo. Eliza Haywood, mwandishi wa hadithi zilizopendwa na kutukanwa kwa kadiri moja, alifungua duka lake mwenyewe la vitabu katika mtaa wa Covent Garden mwanzoni mwa miaka ya 1740, kisha akaandika gazeti la wanawake lililotoka tangu 1744 hata 1746. Burney naye, alipoona kwamba waliomtangulia kula ni wauza vitabu, aliitoa Camilla mwaka 1796 kwa njia ya wanunuzi kulipa kabla ya kitabu kupigwa chapa. Majina ya wanunuzi hao yakachapwa mwanzoni mwa kitabu, na miongoni mwake lilikuwemo la msichana wa kijijini ambaye baadaye naye alikuja kuandika, Jane Austen. Tofauti ya Evelina na Camilla katika mapato haikutokana na ubora wa kitabu, maana wahakiki wengi huipenda zaidi ile ya kwanza. Ilitokana na mtu aliyeushika mlango wa soko.

Msomaji wa Kiswahili huenda akasema kuwa hayo ni ya ng'ambo, na ya zamani. Na atazame basi nyumbani. Pwani ilimjua mwanamke mwandishi kabla ya kuijua biashara ya vitabu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utendi wake mashuhuri mnamo mwaka 1858. Utendi huo ulinakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa kwa moyo, ukapita nyumba kwa nyumba, na jina la mwenyewe likapita pamoja nao. Ulipopigwa chapa na kutolewa kuwa kitabu Uingereza mwaka 1934, kwa kazi ya Alice Werner na William Hichens, jina hilo lilikuwa limeishi zaidi ya miaka 70 pasipo muuza vitabu hata mmoja. Hapa pana jambo la kufikiri. Katika ulimwengu wa hati za mkono, ambao hautajirishi mtu, mwanamke alihifadhiwa jina lake. Katika ulimwengu wa chapa, ambao unatajirisha, jina la mwanamke mara nyingi lilikuwa kitu cha kwanza kupotea. Soko halimchukii mwanamke wala halimpendi. Huuliza tu ni nani mwenye bidhaa, na humjua yule aliyeileta sokoni.

Siti binti Saad wa Zanzibar alilipata funzo hilo kwa njia ya sahani za santuri. Mwaka 1928 alisafiri yeye na wenzake hadi Bombay, sauti zao zikatiwa katika sahani, na sahani zikauzwa pwani nzima. Mtunzi na mwimbaji huyo hakuwa msomi wa kalamu, na wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert. Alijulikana kila mji wa pwani. Lakini mitambo, sahani na maduka vilikuwa vya wengine.

Tanzania ilipopata uhuru, ikakiweka Kiswahili katika shule na serikali, ilitarajiwa kwamba mwandishi mwanamke angepata pa kusimama. Na kwa hakika alipatikana, tena kwa haraka. Penina Muhando aliitoa tamthilia ya Hatia mwaka 1972, Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974, Pambo mwaka 1975 na Talaka Si Mke Wangu mwaka 1976. Ndyanao Balisidya alitoa riwaya ya Shida mwaka 1975. Mwaka huo huo Martha Mvungi alitoa Hana Hatia. Vitabu saba kwa miaka 5, kutoka kwa wanawake watatu tu, si haba kwa taifa lililokuwa bado changa. Shida hasa ni kitabu ambacho mkazi wa viunga vya Dar es Salaam hawezi kukisoma bila ya kujitambua, kwa maana kinawafuata vijana wanaoikimbia dhiki ya kijijini wakidhani jiji halina dhiki. Mwandishi ameona kwa jicho kali kwamba mhamiaji habebi nguo tu katika furushi lake, hubeba na lile alilokuwa akilikimbia, akaja kulifungua tena Manzese au Temeke.

Lakini mhakiki akiyashusha macho yake kutoka jina la mwandishi hadi chini ya ukurasa wa mbele, ataona jambo lisilosemwa sana. Hatia, Heshima Yangu na Talaka Si Mke Wangu zilitolewa na East African Publishing House ya Nairobi. Pambo na Shida zilitolewa na Foundation Books, nayo ya Nairobi. Tambueni Haki Zetu na Hana Hatia ndizo zilizotolewa Dar es Salaam, na Tanzania Publishing House, shirika lililoanzishwa mwaka 1966. Maana yake ni kwamba katika vitabu hivyo saba, vitano vilikuwa ng'ambo ya mpaka. Wakati ule hilo halikumshtua mtu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa hai, vitabu vilipita Namanga kama vile watu walivyopita, na Nairobi ilikuwa na mitambo na mitaji iliyoipita Dar es Salaam.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwezi wa Februari. Haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Katika historia za siasa tukio hilo hutajwa kwa ndege, meli na reli zilizogawanywa. Katika historia ya fasihi ya wanawake lapaswa kutajwa kwa vitabu. Mwandishi alikuwa upande mmoja, na mitambo iliyokuwa na kitabu chake ilikuwa upande wa pili. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vikafuata, fedha za kigeni zikaadimika, karatasi ikawa bidhaa ya kutafutwa kwa barua na maombi. Nchi ile ile iliyokuwa ikiwafundisha watu wazima kusoma kwa bidii iliyosifiwa dunia nzima haikuwa na karatasi ya kuwapa wakasome. Na Zainab Burhani, mwandishi wa Zanzibar, alipoitoa riwaya yake ya Mali ya Maskini mwaka 1981, ilitolewa na Longman Kenya, mjini Nairobi, mpaka ukiwa bado umefungwa.

Baada ya hapo East African Publishing House yenyewe ilikufa. Nyumba ya vitabu ifapo haifi peke yake. Mwanamume mwenye vitabu kumi katika nyumba tano hupoteza viwili. Mwanamke ambaye kazi yake kubwa ilikuwa katika nyumba moja hupotelewa na mlango mzima. Ndiyo maana usemi uliozoeleka katika mihadhara na mitihani, kwamba wanawake walioandika Kiswahili ni wachache, unahitaji kupimwa kabla ya kurudiwa. Uchache wa kalamu ni jambo moja, na uchache wa rafu ni jambo jingine. Mhakiki anayehesabu waandishi kwa kuhesabu vitabu vilivyomo dukani leo hahesabu waandishi. Anahesabu ni mabohari gani yaliyosalimika.

Penina Muhando, kwa bahati njema au kwa kuona mbali, alikwisha geukia nyumbani. Nguzo Mama ilitolewa mwaka 1982 na Dar es Salaam University Press, na Lina Ubani mwaka 1984. Nguzo Mama husomwa kuwa ni fumbo la hali ya wanawake katika taifa: wanawake wa kijiji cha Patata, waliopewa majina ya Bi Moja, Bi Pili hata Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha nguzo iliyoanguka, wasiweze, kwa kuwa kila mmoja anavutwa upande wake na mzigo wa nyumba yake. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini tamthilia hiyo yaweza kusomwa pia kuwa ni fumbo la kitabu chenyewe. Wanawake wale hawakukosa nguvu, na hawakukosa maneno. Bi Msimulizi anayo maneno ya kutosha. Wanachokosa ni kamba iliyo yao, wakati ulio wao, na umoja wa kuvuta kwa pamoja. Mwandishi aliyekwisha kuona kazi zake zimebaki ng'ambo ya mpaka hakuhitaji kufundishwa kwamba nguzo haisimamishwi kwa hotuba.

Kamba ilianza kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1987 kiliundwa Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, ambacho ofisi zake zikaja kuwa Sinza, na mwaka 1988 kikaanza kutoa gazeti lake, Sauti ya Siti. Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Sauti iliyouzwa zamani katika sahani za wengine ilirudishiwa mwenyewe, safari hii katika karatasi iliyomilikiwa na wanawake wenyewe. Karibu na wakati huo huo Elieshi Lema na Demere Kitunga waliianzisha nyumba ya vitabu ya E&D, iliyochukua herufi za mwanzo za majina yao. Mikocheni, wilayani Kinondoni, ukapatikana baadaye mkahawa wa vitabu wa Soma, uliotokana na juhudi za Kitunga, mahali ambapo mtu aweza kuketi, kusoma na kumsikiliza mwandishi akisoma. Eliza Haywood angelielewa jambo hilo bila ya mkalimani. Kwa mara ya kwanza jina la juu ya ukurasa wa mbele na jina la chini yake yote mawili yaliweza kuwa ya mwanamke.

Hata hivyo uhakiki hauna budi kuwa mkweli hata kwa wale uwapendao. Elieshi Lema, mwenye nyumba yake ya vitabu, aliitoa riwaya yake kubwa, Parched Earth, mwaka 2001, na aliiandika kwa Kiingereza. Kwa watoto aliandika Kiswahili, na Safari ya Prospa ni ushahidi. Hapana haja ya kumlaumu mwandishi kwa lugha aliyoichagua, kwani kila mwandishi ana siri na kalamu yake. Lakini mpango huo, wa Kiswahili kwa mtoto na Kiingereza kwa mtu mzima, unafanana mno na umbo la soko lenyewe. Mnunuzi wa hakika wa kitabu cha Kiswahili Tanzania ni shule. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa Kanada, ulikuwa ukiahidi kununua sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu ulichokikubali na kuzipeleka mashuleni, na ahadi hiyo iliwapa wachapishaji moyo wa kuchapa. Ni ile ile njia ya Camilla, ya kununuliwa kabla ya kupigwa chapa. Tofauti ni kwamba wanunuzi wa Burney walikuwa wasomaji walioandika majina yao, na mnunuzi wa Dar es Salaam alikuwa mfadhili mmoja, asiyeweza kumpenda mwandishi, wala kumchoka, wala kumwomba kitabu cha pili. Kumiliki nyumba ya vitabu ni hatua kubwa, lakini mwenye nyumba naye hungojea mgeni mlangoni. Wanawake waliupata mlango wa soko. Msomaji mtu mzima wa Kiswahili bado alikuwa hajapitishwa ndani.

Wachapishaji husema kwamba msomaji huyo hayuko. Kwamba mwanamke wa viunga vya jiji hasomi, au hana fedha, au hana nafasi. Hapo ndipo khanga ya Mbagala inaporudi kutoa ushahidi. Mwanamke yule wa Tandika anasoma. Analinganisha maneno kwa maneno, anapima ukali na upole wake, anajua lipi la kumvalia wifi na lipi la kumvalia mama mkwe, na hulipa. Uhakiki wake ni wa kila siku, na hana shahada. Hakatai kusoma, anakataa kitu ambacho hakikuletwa mtaani kwake, hakikuandikwa kwa ajili ya moyo wake, na bei yake haikuwekwa kwa kuufikiria mfuko wake. Mfanyabiashara wa khanga aliyafahamu mambo hayo matatu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akatajirika. Mfanyabiashara wa vitabu, kwa sehemu kubwa, amekuwa akiulizia orodha ya mtihani.

Kwa hiyo kazi ya uhakiki wa fasihi ya wanawake haiwezi kwisha kwa kuchambua wahusika, dhamira na mtindo, ingawa kazi hiyo ni ya lazima. Hauna budi kuuliza pia kitabu kilipigwa chapa wapi, kwa ahadi ya nani, kilifika mtaa gani, na kilipopotea kilipotelea katika bohari la nani. Mwanafunzi anayeandika juu ya Shida au Hana Hatia apaswa kuusoma ukurasa wa mbele kwa uangalifu ule ule anaousomea mwisho wa hadithi. Chuo kinachofundisha vitabu hivyo hakina budi kujali kwamba vinapatikana, maana kitabu kinachosomwa kwa kivuli cha nakala ya nakala kiko nusu ya njia ya kusahauliwa. Na mwandishi kijana wa Mbagala au wa Kinondoni, anayeweka hadithi yake katika daftari, aelezwe mapema kwamba kalamu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili imo mikononi mwa yule ambaye jina lake liko chini ya ukurasa, na huyo naye aweza kuwa yeye mwenyewe.

Mwana Kupona alimwachia binti yake maneno, na maneno yakaishi kwa kuwa waliyoyapenda waliyabeba. Vitabu vya wanawake wa Tanzania vinastahili wabebaji wa namna hiyo. Mpaka hapo watakapopatikana, nguo iliyopita Temeke na Kinondoni itaendelea kusomwa kuliko vitabu, nayo itaendelea kuwa mali ya Abdulla.